Unameza Siku Ngapi kwa Mwezi?



Ukisimama kidogo kando ya duka la dawa, iwe Mbagala, Mwanza au Moshi, saa zile watu wanapotoka kazini, utasikia ombi moja likirudiwarudiwa: "Nipe za kichwa." Mteja hataji jina la dawa, na muuzaji haulizi. Mkasi unakata vidonge viwili, shilingi mia inapokelewa, mteja wa pili anasogea. Kesho baadhi yao watarudi, na keshokutwa pia.

Leo nataka tuwazungumzie hao wanaorudi. Mtu aliyeshinda juani, kichwa kikamuuma, akameza dawa, akalala na kuamka mzima, huyo hana neno. Namzungumzia yule ambaye kichwa chake kinajulikana nyumba nzima. "Baba ana kichwa, msipige kelele." "Mama haendi tena harusini, kichwa chake kimeanza." Amekunywa dawa za hospitali na za mitishamba, amepigwa chuku, amenunua miwani, ameombewa, amefunga kanga kichwani akaikaza. Bado kichwa kipo, na kwenye pochi vidonge havikosi. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kwa wengi wa namna hii, vile vidonge vya pochini vimekwisha kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, na hakuna anayewaambia.

Tuanze na kipimo. Madaktari wa mishipa ya fahamu hawapimi kichwa sugu kwa ukali wa maumivu, wanakipima kwa kalenda. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi katika mwezi, na hali hiyo ikapita miezi 3, hicho ni kichwa sugu. Kinaweza kuwa cha maumivu ya wastani tu, mtu anakwenda kazini, anapika, anafundisha darasa, lakini nusu ya maisha yake inapita akiwa anaumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 40 hivi ya watu duniani, yaani bilioni 3.1 kwa hesabu ya mwaka 2021, wana tatizo la namna moja au nyingine la maumivu ya kichwa. Wengi wao hawajafika kwenye usugu. Lakini waliofika si wachache kama tunavyodhani, na si ugonjwa wa Wazungu.

Jirani zetu Zambia walifanyiwa utafiti, Lusaka na Mkoa wa Kusini, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwauliza watu wazima. Kati ya kila watu 100, zaidi ya 11 walikuwa na kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi. Na 7 kati ya 100 walikuwa na kichwa kilichoonekana kuchochewa na dawa za maumivu zenyewe. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya Ethiopia, kwa utafiti wa mtindo uleule: waliokuwa na kichwa cha dawa hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuletwa na damu ya Mzambia na damu ya Mhabeshi. Ninavyoisoma mimi, inatuambia kwamba jambo hili linakwenda na mazoea ya watu na wepesi wa kupata vidonge. Na jambo linaloletwa na mazoea linaweza kuondolewa.

Vichwa vyenyewe vinavyoanzisha safari hii ni viwili hasa. Kipo kipanda uso, kinachogonga kama upande mmoja una moyo wake, kinachokuja na kichefuchefu, mwanga unachoma macho na sauti za watoto hazivumiliki. Kikimshika mtu bila dawa kinaweza kukaa tangu saa 4 hadi siku 3. Kinawapata wanawake mara mbili hata tatu kuliko wanaume, na wengi huwajia karibu na siku za hedhi. Cha pili ni kile cha kubana, kama mtu amekufunga kamba kuzunguka paji la uso, shingo na mabega yamekaza. Wengi tunacho hiki cha pili wakati mmoja au mwingine. Vyote viwili ni vya kweli, havitokani na uvivu wala visingizio, na picha za hospitali hazivioni.

Sasa kidonge kinaingiaje? Ubongo una mfumo wa kupokea maumivu na mfumo wa kuyazima. Mtu mwenye asili ya kipanda uso au kichwa cha kubana akimeza dawa ya maumivu mara moja moja, mfumo unarudi mahali pake. Akimeza karibu kila siku kwa miezi, mfumo unabadilika. Unakuwa mwepesi wa kuhisi maumivu, na dawa ikiisha nguvu mwilini kichwa kinarudi mapema kuliko zamani. Anameza tena. Kinatulia saa chache, kinarudi. Mnaijua mikopo ile ya mtaani inayoitwa kausha damu: unakopa kwa huyu ili umlipe yule, kila jioni mambo yanaonekana yametulia, na kila asubuhi deni limepanda. Ndivyo ilivyo hapa. Kidonge cha leo kinalipa maumivu yaliyoletwa na kidonge cha jana.

Kiwango chake kinajulikana, na naomba aliye na kalamu aandike. Dawa za kawaida, kama parasetamoli peke yake, aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, hatari inaanza mtu akizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye parasetamoli na aspirini na kafeini ndani ya kidonge kimoja, pamoja na dawa zenye kodeini au tramadoli, hatari inaanza siku 10 tu kwa mwezi. Angalieni: siku, si idadi ya vidonge. Mtu anayemeza viwili kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa amekwisha kufika siku 12 au 13 kwa mwezi, na mbele ya watu anaonekana mtu wa kiasi kabisa. Ndiyo sababu hajitambui. Yeye anajilinganisha na yule anayemeza nane kwa siku.

Niseme pia kitu kinachowashangaza wengi: mtu anayemeza dawa hizohizo kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti, ambaye hajawahi kuwa na tatizo la kichwa, kwa kawaida hapati kichwa hiki. Kinawapata wale ambao kichwa ni udhaifu wao tangu mwanzo. Yaani waliokuwa na haki zaidi ya kupata nafuu ndio wanaonaswa.

Kafeini inastahili maneno yake. Wale wa pwani wanaokunywa kahawa chungu barazani kila asubuhi na jioni wanajua siku za mwanzo za Ramadhani zilivyo. Ikifika alasiri kichwa kinauma, mtu anasema ni njaa au kiu. Njaa na kiu zimo, lakini kwa mnywaji wa kahawa sehemu kubwa ni arosto ya kafeini. Inaanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, na baada ya siku kadhaa inaondoka yenyewe, ndiyo maana kumi la pili watu wanafunga wakiwa wepesi. Sasa kafeini hiyohiyo imetiwa ndani ya vidonge vingi vya kichwa, kwa sababu inaisaidia dawa kufanya kazi haraka. Ni kweli inasaidia. Lakini mtu anayemeza vidonge hivyo kila siku anaamka kila asubuhi akiwa kwenye arosto ndogo, na dawa pekee anayoijua ya kuitoa ni kidonge kile kile.

Nataka niwapeleke mbali kidogo, kwenye mji wa Huskvarna, huko Sweden, kwa sababu yaliyotokea pale yanafundisha kuliko takwimu. Mwaka 1918, mafua makali yalipozunguka dunia yote na kuua mamilioni ya watu, daktari mmoja wa mji ule aitwaye Hjorton aliwaandikia wagonjwa wake unga wa dawa uliochanganywa fenasetini, fenazoni na kafeini. Mafua yakapita. Unga haukupita. Mji ule uliishi kwa kiwanda kikubwa cha silaha na vyerehani, na wafanyakazi waliuona unga unawafaa: kichwa kinatulia, uchovu unapungua, mikono inaendana na kasi ya kazi. Wakaanza kuumeza kila siku, wengine mara kadhaa kwa siku. Ukawa sehemu ya maisha ya mji kiasi kwamba watu walipeana pakiti zake kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, zimefungwa vizuri.

Miaka ilipita, ndipo watu wakaanza kufa kwa figo. Daktari Kurt Grimlund aliwafuatilia wafanyakazi wale, na mwaka 1963 akachapisha matokeo yake akionyesha uhusiano wa unga ule na vifo hivyo. Fenasetini baadaye iliondolewa sokoni katika nchi nyingi. Huko Uswisi nako, kwenye viwanda vya saa ambako wanawake walikaa siku nzima wameinamia vipande vidogo vya chuma, madaktari waliyakuta mazoea yaleyale na figo zilizoharibika kwa namna ileile.

Dawa za maduka yetu leo si fenasetini, na sitaki mtu akimbie parasetamoli iliyomezwa kwa kipimo. Kinachonishika katika habari ile ni jinsi jambo lilivyojengwa. Wale hawakuwa wajinga wala walevi. Walikuwa watu wa kazi, na kazi yao ilidai mwili usiochoka. Unga uliwawezesha kwenda na mashine, na kwa kuwa uliwawezesha, hakuna aliyeuliza: si mwajiri, si muuzaji, si familia. Leo fundi cherehani wa Kariakoo anayeinama tangu alfajiri wiki ya kuelekea Idi, dereva wa bodaboda anayekaa juani na kofia nzito, mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia darasani, muuguzi wa zamu za usiku, wote wanameza ili kazi iende. Tukiwaambia "acheni kumeza" bila kuzungumza juu ya maji, chakula cha mchana, usingizi na mapumziko ya shingo, tutakuwa hatujasema kitu.

Kwetu kuna sababu nyingine iliyofanya kichwa kisisikilizwe, nayo ni malaria. Kwa miaka mingi kichwa kilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi hakukuwa na cha kuthibitishia. Kichwa kinauma, viungo vinauma, mtu anakunywa dawa ya malaria. Hilo lilikuwa na mantiki yake enzi zile. Lakini mambo yamebadilika. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitaka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vikafika hadi zahanati za vijijini. Hapa Tanzania, watoto wa chini ya miaka 5 waliokutwa na vimelea walikuwa 18 hivi kati ya 100 katika utafiti wa mwaka 2007/08, na katika ule wa 2022 walikuwa 8 hivi. Hayo ni mafanikio makubwa, tuyasifu bila kubania.

Ila angalieni kilichofuata. Mgonjwa anaketi, anatobolewa kidole, baada ya robo saa anaambiwa: "Huna malaria." Basi una nini? Mara nyingi hapo ndipo maarifa yanapoishia. Anaandikiwa dawa za maumivu aende nazo, au anaambiwa ana taifodi kwa kipimo cha damu ambacho wataalamu wenyewe wanakiri kinadanganya mara nyingi, au U.T.I., anaondoka na antibayotiki. Mfumo wetu umejifunza kusema kichwa si nini. Haujajifunza kusema ni nini. Na mgonjwa aliyerudishwa nyumbani bila jibu anakwenda pale ambapo hatapangwa foleni wala kuulizwa maswali, dirishani kwa muuza dawa.

Wenye uwezo kidogo wanafuata mkondo mwingine, nao unakua kwa kasi mijini: vipimo. "Nikapige CT Scan nijue moja." Familia inachanga, pesa ya ada ya mtoto inaondoka, picha inatoka safi. Kwa mtu mwenye kichwa cha miaka mingi kisichobadilika tabia, ambaye daktari amemkagua na hakukuta udhaifu wowote mwilini, picha hiyo kwa kawaida haina kitakachoonekana. Majibu safi yanapaswa kuwa faraja, lakini mara nyingi yanamwacha mgonjwa akihisi haaminiwi. Dakika 20 za daktari anayeuliza vizuri zina thamani kuliko picha hiyo: kilianza lini, kinakaa wapi, kinaambatana na nini, unalala saa ngapi, unameza nini, siku ngapi.

Presha nayo tuiweke sawa. Watu wanasubiri kichwa ndipo wapime presha, na kichwa kisipouma wanaacha dawa zake. Presha ya kupanda kwa kawaida haiumi. Inakaa kimya miaka, inaharibu moyo na figo. Pima presha kwa sababu una umri wa kupima, usisubiri kichwa kikupe taarifa ambayo si kazi yake.

Sasa nirudi kwenye swali langu la siku. Huko Norway, mwaka 2015, yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo nalipenda kwa jinsi lilivyo rahisi. Madaktari wa kawaida, wale wa vituo vya karibu na wananchi, walipewa mafunzo mafupi ya kufanya jambo moja: kumtambua mgonjwa anayemeza dawa za kichwa kupita kiasi, kumweleza kwa utulivu kwamba dawa zenyewe huenda ndizo zinazomlisha maumivu, na kumshauri apunguze au aache. Hakuna dawa mpya, hakuna kulazwa. Baada ya miezi michache, karibu nusu ya waliozungumzishwa hivyo hawakuwa tena na kichwa sugu. Kati ya wale walioendelea na huduma ya kawaida, waliotoka kwenye usugu walikuwa asilimia 6.

Mazungumzo peke yake! Na sisi tuna nini? Tuna maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, maelfu kwa maelfu, na wauzaji wake wanapitia mafunzo kabla ya kupewa kibali. Hao ndio wanaomwona mgonjwa wa kichwa mara nyingi kuliko daktari yeyote. Wanamjua kwa sura, wanajua anakuja siku gani. Kuwaongezea swali moja, "Mwezi huu umemeza siku ngapi?", na jibu moja la kutoa baada yake, hakuhitaji bajeti ya wafadhili. Najua muuzaji anaishi kwa kuuza. Lakini nimewahi kuwasikia wauzaji wakimwambia mteja, "Mama, hii yako si ya kawaida, nenda hospitali," kwa upendo kabisa. Wakipewa maarifa, wengi watayatumia.

Kuna jambo dogo ambalo nalishikilia kwa nguvu. Maonyo yapo tayari. Yamechapwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Lakini mteja wetu hanunui boksi, ananunua viwili, na karatasi inabaki kwenye rafu. Uingereza mwaka 2009 waliamua pakiti za dawa zenye kodeini zinazouzwa bila cheti cha daktari zisizidi vidonge 32, na mbele ya pakiti liandikwe onyo kwamba ni za siku 3 tu. Sheria nzuri kwa nchi inayonunua pakiti. Kwetu onyo lazima liandikwe nyuma ya kila kidonge, kwa Kiswahili, herufi zinazosomeka, ili anayenunua viwili aondoke nalo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo inayoidhinisha vifungashio, na sioni kwa nini hilo lisiwezekane.

Habari njema za kitabibu zipo. Wanasayansi wanne waliogundua kazi ya kemikali fulani ya neva katika kipanda uso, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa mwaka 2021 tuzo kubwa ya utafiti wa ubongo huko Denmark. Kutokana na kazi yao, Mei 2018 Marekani iliidhinisha sindano ya kwanza ya mwezi kwa mwezi inayozuia kipanda uso, na tangu hapo zimefuata nyingine pamoja na vidonge. Bei zake kwa sasa haziko karibu na mifuko yetu, na sitaki kumpa mtu hamu ya kitu asichoweza kukipata. Afadhali tuulize vya karibu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumatriptani, dawa mahususi ya kipanda uso, katika orodha yake ya dawa muhimu. Je, ipo katika hospitali yako ya wilaya? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kifurushi cha bima hiyo kikimlipia mtu kila aina ya kipimo lakini kikakosa dawa ya kuzuia kichwa na muda wa kumsikiliza, mgonjwa wa kichwa atakuwa amekatiwa kadi tu.

Dawa za kuzuia zenyewe tunazo, na ni za bei nafuu. Propranololi, ambayo wengi wanaijua kwa presha, inapunguza mashambulizi ya kipanda uso. Mwenye pumu asiiguse. Amitriptilini, kwa dozi ndogo ya usiku, inasaidia kipanda uso na kichwa cha kubana. Hii ya pili ina mkosi wa jina: mgonjwa anafika nyumbani, mtoto anatafuta mtandaoni, wanakuta inatibu sonona, na dawa inaishia kwenye pipa kwa kuwa "daktari ameniona kichaa". Hapana. Dozi ya kichwa ni ndogo, na inafanya kazi kwenye njia za maumivu. Dawa hizi zote hazitulizi kichwa cha leo. Zinamezwa kila siku na matokeo yanakuja baada ya wiki kadhaa, na wanaoziacha baada ya siku tano wanajidhulumu.

Aliyejitambua katika maneno yangu afanye nini? Kwanza ahesabu. Mwezi mmoja, kwenye kalenda ya ukutani au simu, alama moja kwa siku ya kichwa, alama nyingine kwa siku ya dawa, na jina la dawa. Aende na karatasi hiyo kituo cha afya. Kama anatumia dawa za kawaida, mara nyingi anaweza kuacha kwa mkupuo kwa ushauri wa daktari, na huku akianzishiwa ya kuzuia. Kama zimo kodeini, tramadoli au dawa za usingizi, asiache peke yake, lazima asimamiwe. Na aambiwe ukweli: siku za mwanzo kichwa kitazidi. Kuanzia siku 2 hadi 10 atapata kichefuchefu, usingizi utakatika, hasira zitakuwa karibu. Nyumbani wajulishwe mapema, wasimrudishie vidonge kwa huruma. Achague wiki isiyo na msiba wala mitihani, anywe maji, ale kwa saa zake, alale kwa saa zake. Nafuu kamili inaweza kuchukua miezi 2. Kwa wengi kipanda uso cha asili hakiondoki, lakini kinarudi kuwa cha mara chache kwa mwezi, na hapo dawa inafanya kazi tena kama ilivyokusudiwa.

Kabla sijawaaga, yapo maumivu ambayo maneno yangu yote ya leo hayayahusu, na ningeumia mtu akiyavumilia kwa kuwa amesikia redioni kwamba vidonge vipunguzwe. Kichwa kilicholipuka ghafla, kwa ukali ambao mtu hajawahi kuujua maishani. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Kichwa kinachoambatana na mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kuvurugika, degedege au kupoteza fahamu. Kichwa baada ya kuanguka kwenye pikipiki, hata kama siku hiyo alisimama akatembea. Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50. Kichwa kinachozidi wiki hadi wiki, kibaya zaidi alfajiri, pamoja na kutapika au macho kufifia. Kichwa cha siku nyingi kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, kwa sababu fangasi wa uti wa mgongo huanza hivyohivyo. Na mama mjamzito aliyepita miezi mitano, au aliyejifungua juzi, mwenye kichwa kikali, macho yanaona vimulimuli na uso umevimba: hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Hao wote wasipelekwe dirishani kwa muuza dawa wala wasisubiri kukuche. Wapelekwe hospitali usiku huohuo.